Akili ya Mzee na Kitita cha Bima

Miezi minne na siku kumi ilipotimia tangu baba alipofariki, wanawake wa Pete walikuja kumtoa mama eda. Walimwogesha, wakamfukiza udi, wakamvisha kanga mpya, na bibi mmoja jirani akamwambia kwa sauti ya furaha kwamba sasa ana ruhusa kutoka. Mama aliwashukuru wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Wageni walipoondoka akarudi chumbani, akajilaza akiuelekea ukuta. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na wiki iliyofuata hivyo hivyo. Ukili aliouanza kabla ya msiba ulibaki umeviringwa juu ya kabati. Kima walipotoka msituni kuja kung'oa mihogo, hakupiga debe kama ilivyokuwa desturi yake. Alisema tu, "Waacheni wale, na wao wana njaa."

Sisemi kwamba huzuni inatakiwa iishe siku eda inapokwisha. Majonzi ya mjane yana heshima yake, na dini imeyawekea muda ili watu wayape nafasi. Lakini mama alikuwa halali usiku, hali mpaka alishwe, na wajukuu aliokuwa akiwalilia wasipokuja sasa wakimwamkia anageuza uso. Akawa anasema maneno ambayo hatukuwahi kuyasikia kwake: kwamba yeye ni mzigo, kwamba baba amemtangulia kwa makosa, ile ilikuwa zamu yake yeye. Hiyo ilikuwa sonona, na sonona ya mzee ina hila. Hujificha ndani ya maumivu ya mgongo, ndani ya kukosa hamu ya chakula, ndani ya kauli ya watoto kwamba "ni utu uzima tu." Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 14 ya watu wenye miaka 60 na zaidi wanaishi na tatizo la afya ya akili, na yanayoongoza ni sonona na wasiwasi. Yaani katika kila wazee 7 unaowapita barazani, mmoja.

Nyumba yetu ilikuwa kama nyumba nyingi za Kusini Unguja. Mimi nilikuwa nasomesha skuli mjini. Dada yangu mkubwa kaolewa Bwejuu, wakati ule akilima mwani. Kaka yetu yuko Dar es Salaam, ameajiriwa. Mama alibaki Pete, karibu na lango la Hifadhi ya Taifa ya Jozani, pale watalii wanaposhuka kuwapiga picha kima punju. Nataka kueleza tulivyomtafutia tiba na nani alilipa nini, kwa sababu naona watu wengi wenye wazazi wazee wanaijua bima ya afya kwa jina na kwa makato yake. Inapoanzia na inapoishia, hasa mgonjwa anapokuwa mzee na ugonjwa unapokuwa wa akili, hawajaambiwa.

Kwa Zanzibar msingi wa zamani ni matibabu bure. Serikali ya Mapinduzi chini ya Mzee Abeid Amani Karume ilitangaza huduma hiyo baada ya 1964, na wazazi wetu wakaizoea hata bima ikawa kwao ni habari ya magari. Kwa msingi huo mama hakudaiwa kitu kumwona daktari. Hospitali ya wagonjwa wa akili kwa visiwa vyote ni moja, Kidongo Chekundu, nayo iko mjini. Hapo ndipo tulipokwama, maana jina lile watu wameligeuza tusi. Watoto hutukanana nalo skuli, na watu wazima hulitumia kumnyamazisha mtu barazani. Mama alipolisikia alijifunika kanga uso mzima. "Mie si mwendawazimu," alisema. "Mkinipeleka huko, kijiji kizima kitajua."

Kilichotuokoa ni kushika barabara upande wa pili. Hospitali ya Makunduchi ilikuwa na kliniki ya afya ya akili, iliyoendeshwa kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la HIPZ la Uingereza, na watu wa Kusini walikuwa wakiingia hospitali ile ile kwa presha, kwa sukari na kwa uzazi. Mama alikubali mara moja. Jirani alipomuuliza safari ya wapi alijibu, "Nnakwenda kupima presha," na hakusema uongo, kwa kuwa presha nayo alipimwa. Tangu wakati huo msimamo wangu haujabadilika: huduma ya akili kwa mzee ianzie pale anapopimwa presha. Mfuko wa bima ukilipia kitanda cha hospitali ya rufaa na kumsahau muuguzi wa afya ya akili wa kituo cha karibu, wazee wa shamba watabaki na kadi halali isiyowafikisha popote.

Dawa nazo zina habari yake. Dawa ya zamani ya sonona, amitriptilini, hupatikana kwa urahisi, lakini kwa mzee ina taabu nyingi. Hukausha mdomo, huzuia mkojo na choo, humpa kizunguzungu akisimama, na yaweza kumvuruga akili zaidi ya alivyokuwa. Akianguka akavunjika nyonga, hapo mna ugonjwa mwingine mkubwa zaidi. Zipo nyingine, kama fluoksetini na sertralini, ambazo wazee wengi huzivumilia vizuri zaidi. Mama aliandikiwa fluoksetini, na miezi mingine tuliinunua kwa pesa zetu katika maduka ya dawa mjini. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba bima inalipia dawa za akili, namuuliza dawa ipi. Bima hulipia vitu vilivyoandikwa katika orodha yake, ambayo wenyewe huiita kitita. Kama katika kitita kuna dawa moja tu ya sonona, nayo ndiyo ile inayowaangusha wazee, basi kadi ipo na tiba haipo.

Na dawa peke yake haikumtosha mama. Muuguzi mmoja wa kliniki alikuwa akikaa naye, wakizungumza juu ya baba, juu ya usingizi, juu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Alipojua kwamba mama ni msukaji ukili, alimpa kazi: asuke pima moja kwa siku, na aende kuusukia kwa jirani, asisukie chumbani. Siku za mwanzo alisuka urefu wa kiganja akauweka. Baadaye akafika pima, akapita. Mazungumzo yale, naamini kabisa, yalimrudisha mama kwa watu sawasawa na vile vidonge. Lakini tazama kitita chochote cha bima utakachokikuta: kipimo kina bei yake, kidonge kina bei yake, na nusu saa ya muuguzi aliyekaa kumsikiliza mzee mara nyingi haina hata mstari wa kuiandikia.

Aprili 2016 ikaja Pensheni Jamii. Kila Mzanzibari aliyefika miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au hajawahi, akawa anapewa na serikali shilingi 20,000 kwa mwezi, na chini ya Rais Hussein Mwinyi kiwango hicho kimepandishwa hadi 50,000. Nimewahi kusikia watu wakiidharau, wakisema ni pesa ya sukari. Kweli mama alinunua sukari. Alinunua na mchele wa kumkaribishia mgeni, akatoa sadaka msikitini, na akamrudishia dada nauli ya Makunduchi huku akimwangalia machoni. Mtu aliyekuwa akijiita mzigo alianza tena kutoa. Pensheni si bima na haiwezi kuchukua nafasi yake, lakini katika yote niliyoyaona serikali ikimfanyia mzee, hilo nalipa nafasi ya juu kwa afya ya akili yake.

Miaka mitatu minne ikapita kwa utulivu. Kisha usiku mmoja wa masika mama aliamka akizungumza na baba kama vile kasimama mlangoni. Akafungua mlango, akashika njia ya msituni. Vijana waliokuwa wakirudi kutoka mikokoni walimkuta chini ya miti, kanga imelowa, hamjui yeyote. Ami yetu alisema wazi kwamba ni shetani wa msitu, na hapana aliyembishia. Sheikh wa kijiji aliitwa. Alimsomea Yasin, akaandika kombe kwa zafarani, akamnywesha. Kisha akamwekea mkono kwenye paji la uso, akauacha pale kidogo, akatugeukia. "Mama yenu ana homa," alisema. "Mimi kazi yangu nimemaliza. Nyinyi mpelekeni hospitali, na msingoje alfajiri." Mpaka leo namwombea sheikh yule kila ninapomkumbuka.

Kipimo kilichotoa jibu kilikuwa cha mkojo. Mama alikuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na alikuwa amepungukiwa na maji kwa kuwa alikuwa akiogopa kunywa asije akalazimika kutoka nje usiku. Alitiwa maji, akapewa dawa za kuua vijidudu, na siku chache baadaye akauliza nani amelisha kuku. Nimewaeleza jambo hili walimu wenzangu, majirani na kila anayenisikiliza: mzee akivurugikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, hiyo ni dharura ya mwili. Yaweza kuwa maambukizi, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, au dawa mpya aliyoanzishwa juzi. Madaktari huiita deliriamu. Hutibika, na ikichelewa huua. Sasa jiulize bima ingemwandika wapi mama usiku ule, maana aliingia kama mgonjwa wa akili akatoka kama mgonjwa wa mkojo. Mfuko unaokata mstari katikati, akili huku na mwili kule, utamkosea mzee mara nyingi, kwa sababu uzeeni vitu hivyo viwili haviachani.

Lakini baada ya usiku ule hakurudi mzima kabisa. Alianza kuuliza swali moja asubuhi, mchana na jioni. Akatia chumvi chai. Akaanza ukili kwa miyaa minne, akasahau kuongeza, akaufumua na kuanza tena mpaka vidole vikamuuma. Ugonjwa wa usahaulifu, ambao wataalamu huuita dimenshia, huingia polepole, kwa miezi na miaka, na dawa ya kuuponya haijapatikana. Kwetu hukaribishwa kwa upole uliozidi. Watu husema amerejea utotoni, wanacheka kidogo, wanamwacha. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa 2013, ulikuta dimenshia kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi. Kwa hiyo si ugonjwa wa Wazungu wala wa watu wa mjini, ni wa vijijini kwetu pia.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililokutanishwa na jarida la tiba la Lancet liliandika kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusiana na mambo 14 yanayoweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni presha, sukari, sonona, upweke, kutosikia vizuri na kutoona vizuri. Mama alikuwa haoni vizuri kwa miaka, ana mtoto wa jicho, na sikio la kushoto lilikwisha zamani. Kila mtu aliona ni mambo ya kawaida ya uzee. Mimi naona kwamba ukimlipia mzee upasuaji wa mtoto wa jicho, miwani na kifaa cha kusikilizia, umeshalipia sehemu ya afya ya akili yake, hata kama makaratasi yanaviandika chini ya macho na masikio. Anayetunga kitita cha wazee aanzie hapo.

Kaka akasema mama aende Dar es Salaam. Alikuwa na kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ule uliowekwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001. Mfuko huo ulimruhusu mchangiaji kuandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, na mzazi aliweza kuwa mmoja wao. Kaka alikuwa amemwandikisha mama mapema, na kwa hilo nampa heshima yake. Mama alipigwa picha ya ubongo, akapimwa damu, tezi ya shingo na vitamini B12, kwa sababu kuna usahaulifu unaotokana na mambo hayo nao ukitibiwa huondoka. Kwake haikuwa hivyo, lakini tulijua kwa uhakika. Kadi ililipa, na pesa ile nyumbani tusingeipata.

Gharama iliyokuwa haimo ndani ya kadi ni Dar es Salaam yenyewe. Ghorofani kwa kaka mama hakuweza kukumbuka choo kiko wapi. Adhana ilitoka upande asioutarajia. Usiku alikuwa akikusanya kanga zake kwenye mfuko na kusimama mlangoni akitaka kwenda kwao. Mgonjwa wa usahaulifu huishi kwa vitu alivyovizoea, mwembe wake, kisima chake, sauti za watu wake, na ukimtoa hapo unamwongezea ugonjwa. Aliporudi Pete alitulia ndani ya siku chache. Kwa anayekabiliwa na hali kama yetu, ushauri wangu ni huu: kadi ya Bara itumieni kwa vipimo, na vipimo vikikamilika mrudisheni mzee nyumbani kwake.

Afya si jambo la Muungano. Ndiyo maana Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, ilikuwa kwa ajili ya Bara, na Zanzibar ilikuwa imeshashika njia yake. Kwa sheria ya mwaka huo huo ukaundwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ambao ulianza Julai 2023 na sisi watumishi wa umma. Makato yakaonekana kwenye hati ya mshahara. Katika chumba cha walimu kulikuwa na manung'uniko, kwani tuliozaliwa na matibabu bure tuliona kama tunalipishwa kilicho chetu. Mimi niliunga mkono, na bado naunga mkono. Bure ambayo inamlazimu mtu kununua dawa nje inamwumiza zaidi asiye na kitu. Mfuko unaochangiwa na kila mwenye mshahara, ukasimamiwa kwa uaminifu, unaweza kumbeba mzee wa Ukongoroni au Charawe ambaye maisha yake yote hakuwahi kuona hati ya mshahara.

Nilikwenda kwenye mfuko kuuliza, na daftari la maswali. Nayaandika hapa kwa sababu majibu hubadilika kadiri mfuko unavyopanuka, na kila mtu anastahili jibu la siku yake. La kwanza: mzazi wangu anaingia kama mtegemezi, na kwa vielelezo gani? Hapa kitambulisho cha Mzanzibari na cheti cha kuzaliwa cha mtoto huamua mengi, na tofauti ya herufi moja katika jina la mama inaweza kukurudisha kwa sheha. Kisha uliza juu ya akili bila kuona haya, kwa maneno kamili: kliniki ya kila mwezi inalipiwa, au kulazwa tu? Dawa za sonona ni zipi katika orodha, na zile zinazomfaa mzee zimo? Vikao vya ushauri na muuguzi au mwanasaikolojia vinahesabiwa? Kuna kikomo cha siku za kulazwa? Uliza pia vituo. Kadi hufanya kazi kwenye kituo kilichosajiliwa, na kwa watu wa pembezoni mwa Jozani ni muhimu kujua kama hospitali ya wilaya iliyojengwa Kitogani inatoa huduma unayoitaka, au lazima mzee apande gari mpaka mjini. Swali la kikomo ndilo watu hulisahau. Wanaligundua siku ya kuondoka wodini.

Kikomo hicho si hofu ya kujitungia. Marekani ina bima ya umma ya wazee, Medicare, iliyowekwa kwa sheria ya 1965 kwa watu wa miaka 65 na zaidi. Ni nchi yenye pesa. Hata hivyo mpaka leo sheria yao inampa mzee siku 190 tu za kulazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kwa uhai wake wote, na kikomo cha namna hiyo hakipo kwa hospitali za kawaida. Kwa miaka mingi mzee aliyeugua akili alijilipia nusu ya gharama za kliniki, mwenziwe wa moyo akijilipia asilimia 20. Sheria ya 2008 ndiyo iliyoanza kuondoa tofauti hiyo kidogo kidogo, mpaka 2014 wakawa sawa. Karibu nusu karne. Sisi ndiyo kwanza tunaandika vitita vyetu, na hakuna sababu ya kuanza na kosa ambalo wenzetu wamehangaika kulifuta.

Kuna gharama moja ambayo sijaikuta katika kadi yoyote, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Dada aliacha mwani. Mwanzoni alikuwa akija Pete mwisho wa wiki, baadaye siku nyingi zaidi, mwishowe akahamia. Mwani haungoji. Bamvua likija na mwenye shamba hayupo, kamba hukatika na mazao huondoka na maji. Shamba lake alilichukua mwenziwe, na pesa aliyokuwa akisomeshea watoto ikakatika. Alimwosha mama, akamlisha, akalala kwenye mkeka kizingitini ili mama akitaka kutoka usiku amruke kwanza yeye. Mgongo ukamuuma, na akaanza kulia bila sababu, na nilipomwangalia niliona ile hali ya mama baada ya eda. Tulipanga zamu: mimi likizo zote za skuli, mke wa kaka mwezi mmoja, binti wa ami siku za Ijumaa. Hapo ndipo dada alipopata kulala. Mlezi wa mgonjwa wa akili ni nusu mgonjwa, na bima isiyomwona itakuja kumlipia kitandani kesho kutwa.

Mama alifariki nyumbani Pete baada ya mfuko wa Zanzibar kuanza, amezungukwa na watu aliokuwa hawajui majina yao tena, ila mkono wa dada aliujua. Baada ya hitima wazee wa kijiji walikaa barazani kwetu, na mazungumzo yakafika kwenye msitu. Jozani ilitangazwa hifadhi ya taifa 2004, kiasi cha kilomita za mraba 50, na vijiji vinavyoizunguka hupata sehemu ya viingilio vya watalii. Pesa hizo zimesaidia skuli, maji, umeme. Nilisema mbele yao, na naandika tena hapa, kwamba sehemu ndogo ya pesa hiyo itengwe kwa nauli ya mzee na mlezi wake kwenda kliniki, na posho ya mtu wa kumpumzisha mlezi walau siku moja kwa wiki. Kamati zipo, masheha wapo, majina ya wazee wa miaka 70 yameshaandikwa kwa ajili ya pensheni. Hakuna orodha mpya ya kutafuta. Mzee mmoja aliuliza kwa nini msitu umlipie mtu mwenye akili mbovu. Mwenziwe akamjibu kwamba hao hao ndio waliokatazwa kukata kuni humo ili msitu ubaki. Baraza likanyamaza, na jambo likapelekwa kwenye kamati, ambako bado linazungumzwa.

Wewe unayesoma, kama una makato ya bima katika mshahara wako na mzazi wako yu hai, mwezi huu nenda na kitambulisho chake ukaulize jina lake liko wapi. Muulize anataka kutibiwa wapi na nani amsimamie, wakati bado anaweza kukujibu mwenyewe. Na nyinyi mnaokaa kuandika kitita cha wazee, katika mfuko na katika Baraza la Wawakilishi, tokeni siku moja mfike shamba, mkae na mabinti wanaolala kizingitini. Waulizeni wanahitaji nini, kisha kiandikeni, na mkitie bei.